Mwaka Baba Alipokuwa Tajiri

Awadh alikuja Kilwa Kivinje kunidai urithi, lakini alikuwa na adabu zake, akaanza na kilio. Alifika alasiri, mtu mzima mwenye ndevu za hina, akapiga hodi kwa Kiswahili cha Mombasa, akasema yeye ni mtoto wa Shamsa binti Salim wa Shihiri, ng'ambo Arabuni, na kwamba mama yake amefariki. Nikakaa chini palepale ukumbini. Shamsa alikuwa dada yangu, baba mmoja mama mbalimbali, na katika maisha yangu yote sikupata kumwona hata siku moja. Sauti yake siijui, picha yake sina, na bado nililia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Tukamsomea khitma. Mgeni nikampa chumba cha uani chenye kitanda cha samadari, kitanda ambacho mimi mwenyewe sikilalii, na sababu yake nitaisema. Siku ya tatu alikula wali na samaki ng'onda wa nazi, akanawa, akajifuta mikono polepole, akasema, "Mama mdogo, sasa tuzungumze habari ya fungu la mama yangu."

Nikamuuliza fungu gani. Akasema fungu la mali ya babu yake, yaani baba yangu, kwa sababu mtoto wa kike ana haki yake katika kitabu cha Mungu, na mama yake alikufa hajapata hata kanga ya kujifunika. Akasema kwao Shihiri kila mtu anajua kwamba Salim wa Kilwa alikuwa tajiri, aliyetoa zaka mji mzima ukala. Mimi nikacheka. Najua haikufaa kucheka, mtu ana msiba, lakini kicheko kilinitoka kama kikohozi, na yule kijana (kwangu ni kijana, ingawa ana wajukuu) akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekula mali ya yatima. Tajiri! Ni kweli baba alipata kuwa tajiri. Alikuwa tajiri mwaka mmoja, na mwaka huo ndio uliotumaliza.

Ilikuwa baada ya vita vya Hitla, nguo bado zinapatikana kwa taabu, na mimi ndiyo kwanza nimevunja ungo. Baba alikuwa Mshihiri muuza kahawa. Asubuhi na jioni alipita mitaani na dele lake la shaba lenye makaa chini, vikombe vikilia mkononi mwake, ka ka ka, na watu walimjua kwa mlio ule kabla hawajamwona. Chumba cha mbele cha nyumba yetu kilikuwa kiduka, na nikisema kiduka msifikiri zaidi ya chumvi, viberiti, mafuta ya taa na sabuni ya kukata vipande. Mama, ambaye kwao ni Mitole, ndiye aliyekaa dukani, akiwauzia Wamatumbi wenzake waliokuja mjini na ufuta wao. Riziki yenyewe ilitoka kwenye dele. Tulikula, tulivaa, hatukumwomba mtu.

Huko Shihiri baba alikuwa ameacha mtoto. Mama wa mtoto alikwishakufa zamani, na mtoto akawa kwa shangazi yake. Halafu ikaja njaa kwao, njaa ya miaka, na kila Mshihiri aliyeshuka pwani yetu alikuja na majina ya waliokufa. Msimu ule wakaja na habari kwamba shangazi naye kafa, na Shamsa anahamahama nyumba za watu. Baba alisikia habari hiyo akiwa amekaa barazani, akaingia ndani, akaivua kofia yake, akakaa nayo mapajani. Mama ndiye aliyesema mtoto aletwe. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu watu hupenda kumsingizia mama wa kambo. Alisema, "Mlete mwanao, Salim. Chakula cha watatu kinawashibisha wanne."

Lakini kuleta hakukuwa kuleta tu. Mwingereza alikuwa ameweka sheria kwamba Mwarabu au Mhindi akitaka kumwingiza ndugu yake Tanganyika, lazima kwanza aonyeshe kwamba kipato chake kinatosha kumlisha, kumvisha na kumlaza, asije akawa mzigo. Haya tuliyapata kwa Karani Maulidi wa bomani, mtu mwembamba, nadhifu, aliyekuwa akila kwetu kila Alhamisi na kusali na baba safu moja. Alhamisi ile mimi na mama tulikaa nyuma ya pazia na masikio yetu, kama kawaida. Karani alitaja kipato kinachotakiwa kwa mwezi, nikamsikia baba akimwomba arudie. Kilikuwa kikubwa kuliko mshahara wa karani mwenyewe. Baba akauliza kama hawahesabu kwamba mtu ana majirani, ana wakwe shambani wanaoleta mpunga, ana jamaa. Karani akasema hawahesabu. Wanahesabu kilicho cha mtu peke yake. Tukasikia karani anapuliza kahawa yake, halafu akasema kwa sauti ya chini lakini si chini ya kutosha, "Sheikh Salim, wale wanataka uonekane una kitu. Bwana wa Lindi, Mzungu wa vibali, anakuja, anatazama duka, anatazama chumba atakacholala mtoto. Akiridhika, anaandika. Baada ya mwaka anarudi kutazama tena, akikuta mambo yako vilevile, kibali kinatoka." Mama akanifinya mkono. Alikuwa amekwisha kupata la kufanya.

Kwetu sisi pwani kuazimana si aibu. Bibi harusi anatoka na dhahabu za mtaa mzima, na kesho yake kila kipuli kinarudi kwenye sikio lake. Mama aliona duka nalo ni bibi harusi. Alikwenda kwa Bwana Jivanji, mwenye duka kubwa la kona, ambaye mkewe alimzalisha mama yangu siku niliyozaliwa mimi, pale mkunga alipochelewa, akarudi na majora ya kaniki na marekani, madebe ya mafuta, magunia ya sukari, yote ya kuazima. Majirani wakaleta walichonacho: huyu mizani ya shaba, yule saa ya ukutani, mwingine sinia. Rafu zilizokuwa zimezoea buibui zikajaa. Chumba cha uani, nilichokuwa nikilala mimi, kikapakwa chokaa, kikatiwa kitanda cha samadari na godoro la usufi na shuka nyeupe iliyovutwa hadi haina mkunjo. Kitanda hicho peke yake ndicho tulichokinunua, mama aliuza mbuzi wake wote wa Mitole. Alisema mtoto asije akalazwa kwenye kitanda cha kuazima.

Bwana wa Lindi akaja, na Karani Maulidi akiwa mkalimani wake. Alikuwa na adabu, sitamsingizia. Alitembea dukani mikono nyuma, akaingia chumbani, akalibonyeza godoro kwa vidole viwili. Akauliza, na Karani Maulidi akafasiri, kama duka limeanza kuwa hivi karibuni tu. Baba, aliyekuwa akiogopa kusema uongo hata kwa paka, akasema la, liko hivi miaka yote. Yule bwana akaitikia kwa kichwa, akaandika. Walipoondoka mama alipiga kigelegele kimoja kifupi uani, akajiziba mdomo. Sisi tukadhani tumeshinda.

Kwanza lilitoka dele. Karani Maulidi alisema, na alisema kwa kututakia heri, kwamba haiwezekani mtu mwenye duka la vile aonekane anagonganisha vikombe mitaani. Bwana wa Lindi ana macho mengi. Basi baba akalitundika dele ukutani. Aliketi barazani amevaa kanzu ya Idi siku za kazi, akiwaitikia watu, na njia yake ya kahawa ikachukuliwa na Mshihiri mwingine mwezi ule ule. Tazameni akili ya sheria hiyo. Ili aonekane ana kipato, aliacha kipato. Bidhaa za Jivanji hatukuweza kuziuza, maana si zetu, na chumvi na viberiti vyetu vilifichwa chini ili visiharibu sura ya duka. Wamatumbi wa Njinjo na Mitole wakaja, wakaona rafu, wakasema, alhamdulillahi, Mzee Salim Mungu kamfungulia, wakaomba wakopeshwe kaniki mpaka ufuta uvunwe. Baba akisema hapana, anakuwa tajiri bahili. Akisema ndiyo, anakopesha mali ya Jivanji. Mara nyingi alisema ndiyo.

Wakati wote huo mimi nililala chini. Kitanda cha Shamsa hakikuguswa, kwa sababu yule bwana angeweza kurudi siku yoyote, na shuka ikiwa na mkunjo ataona kwamba chumba kina mtu. Nikatandika mkeka wangu pembeni, nikawa naamka naona mvungu wa kitanda cha mwenzangu. Nilimchukia, nikampenda, vyote pamoja. Nilimwekea nusu ya kashata yangu kwenye shubaka la ukutani mpaka sisimizi wakaimaliza. Nilimsimulia nani kaposwa na nani kaachwa. Mama akinikuta naongea na kitanda hakunicheka, alisema tu nipunguze sauti.

Halafu Ramadhani ikaingia. Imamu wetu alikuwa mtu mpole sana, hakuwahi kumwaibisha mtu, ndiyo maana alikuja nyumbani badala ya kusema msikitini. Mimi nilikuwa uani napepeta, nikamsikia barazani anamuuliza baba hali, anamuuliza ufuta, anasifu duka, kisha anamkumbusha kwa upole kwamba bidhaa za biashara zikitimiza mwaka zina zaka yake, fungu moja katika arobaini. Baba akajaribu kusema kwamba duka ni la juzijuzi. Na Karani Maulidi, aliyekuwa ameketi palepale akingoja magharibi, akamtazama. Hakuwa na haja ya kusema, kwa sababu ni yeye aliyefasiri kwa ulimi wake kwamba duka liko hivi miaka yote. Baba akilikana mbele yake, anakuwa amekiri kwamba alimdanganya bwana wa Lindi, na Shamsa haji. Asipolikana, anadaiwa zaka ya mali isiyo yake. Nikamsikia baba akisema, "Inshallah, sheikh. Nitaitoa."

Aliingia ndani na mama akamsubiri kwenye pazia. Ugomvi wao nausikia mpaka leo, maana waligombana kwa kunong'ona. Mama alisema aende kwa imamu faragha amweleze ukweli, imamu ni mtu wa siri. Baba alisema imamu hatasema uongo akiulizwa, wala yeye hamtaki imamu aseme uongo kwa ajili yake, na zaka isipotolewa mji utamuuliza imamu kwa nini. Mama akasema, "Basi utatoa nini, Salim? Utatoa dele?" Kesho yake asubuhi mama alivua bangili zake za fedha, zile nzito alizovishwa na bibi yake, akazitoa kwa sabuni maana zilikuwa zimekwisha kuzoea mkono, na mikono yake ikabaki na alama mbili nyeupe. Zikawa magunia ya mchele. Watu wakapanga mstari kutoka mlangoni kwetu mpaka kona ya Jivanji, vipofu, wajane, walimu wa chuo cha Kurani, na wavulana wenye vikapu vya bibi zao, na baba akasimama na kanzu yake akiwapimia kwa pishi. Walimbusu mkono. Jioni ile sisi tulifuturu uji wa muhogo, na mlango tukaufunga ili tusionekane tunakula nini.

Siku hiyo ya zaka alikuwapo mgeni, nahodha mmoja wa Shihiri, amekaa barazani kwetu na tasbihi yake, akaona yote. Alikuwa anarudi kwao. Baba alimnong'oneza salamu za kumpelekea Shamsa, kwamba avumilie, chumba kiko tayari, mwaka haujaisha. Alipenda kumwambia na ukweli wake, lakini karani alikuwa upande wa pili wa baraza, na mgeni mwenyewe alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha, akisema mashaallah, mashaallah, Salim, Mungu amekupa. Akaondoka na habari hiyo.

Utajiri ukishaingia hautoki kwa hiari. Pakiwa na mazishi, sanda yaombwa kwetu. Pakiwa na harusi, mchango wa Mzee Salim unangojwa usomwe mwisho, kwa sauti. Majora ya Jivanji yakapungua kipande kwa kipande, na Jivanji, mtu mwema lakini naye ana watoto, akaja siku moja akaomba vilivyobaki, vikapakiwa rukwama mchana kweupe. Majirani nao wakachukua chao, saa, mizani, masinia. Hakuna aliyetudhulumu. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba nikitafuta mtu wa kumlaumu katika mtaa ule simpati. Kila mmoja alitutendea wema, na wema wao ukatuvua nguo.

Mwaka ulipotimia bwana yule akarudi. Mama alikuwa ametandaza chumvi na viberiti kwenye rafu vikiachana nafasi ili vionekane vingi. Yule bwana hakupita hata mlango wa pili. Alisimama katikati ya duka, akazungusha macho, akasema maneno marefu. Karani Maulidi alichelewa kufasiri, akatazama viatu vyake. Kisha akasema, "Anasema mwaka jana ulikuwa mtu mwenye uwezo. Anasema mtu anayeweza kufuja mali yote hii katika mwaka mmoja hawezi kukabidhiwa binti wa kulea. Ombi limekataliwa." Baba alikuwa amesimama nyuma ya meza tupu. Nilitazamia aseme kitu, aseme zaka, aseme bangili, aseme hata ule uongo wenyewe uwe umekwisha. Alisema, "Haya. Mwambie ahsante kwa kuja." Walipotoka akaingia chumba cha uani, akakaa juu ya kitanda cha Shamsa, mtu wa kwanza kukikalia, na shuka ikafanya mkunjo.

Alilishusha dele ukutani, lakini mitaa ilikuwa na mwenyewe, akawa anazunguka pembezoni, kwenye mashamba ya watu, anauza kikombe kimoja kimoja. Alimtumia Shamsa salamu kwa kila aliyekwenda. Jibu halikuja. Tulidhani amekufa kwa njaa, na baba alikufa akidhani hivyo, akiwa hajafika uzee. Kumbe Shamsa alikuwa hai. Kumbe salamu zilifika zote na hakuzijibu, na hayo nimeyajua sasa, kwa kinywa cha Awadh. Nahodha yule aliwaambia watu wa Shihiri alichokiona kwa macho yake: duka limejaa mpaka juu, mchele unamwagwa kwa mafukara, Salim anabusiwa mkono. Mwanawe akasikia akiwa anasaga nafaka kwenye nyumba ya watu. Awadh alisema, "Mama alikuwa akituambia, baba yangu alilisha mji mzima, mimi peke yangu akanisahau. Mpaka siku ya mwisho alisema hivyo."

Nikamsimulia yote niliyoyaandika hapa, nikianza na dele. Alinisikiliza kwa adabu, lakini nilimwona haamini. Ningeaminije mimi, ningekuwa yeye? Akasema dini inataka mashahidi. Nikasema twende basi. Walio hai wa wakati ule tumebaki wa kuhesabika kwa vidole, nikampeleka kwa Mzee Bakari, fundi cherehani, ambaye mwaka ule alikuwa mvulana na kikapu cha bibi yake kwenye mstari. Awadh akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamuuliza alimjua Salim Mshihiri, na je, alikuwa tajiri? Mzee Bakari akaiweka chini nguo aliyokuwa akiishona. Machozi yakamlengalenga. "Babu yako? Mwanangu, mimi nilikula mchele wake. Tajiri kama yule mji huu haujapata mwingine, na mkono wake ulikuwa wazi." Nikasema, "Bakari, mchele ule ulikuwa bangili za mama yangu, tulikuwa hatuna kitu, wewe hukujua." Akanitazama kwa huzuni kubwa, kama mtu anayemsikia mwenzake akianza kupotewa na akili. Akasema, "Bi Zuhura, marehemu alitusitiri sote. Usimvunjie heshima yake sasa hayupo."

Tulirudi nyumbani. Nikamwonyesha Awadh kitanda cha samadari, nikamwambia kitanda anachokilalia ndicho fungu la mama yake, kilinunuliwa kwa jina lake na hakuna mwingine aliyekilalia, akichukue. Akadhani ninamdhihaki. Alifungasha nguo zake, akakataa nauli niliyompa, na alfajiri akapanda lori la Lindi bila kuniaga. Naambiwa huko njiani anawasimulia watu kwamba babu yake alikuwa mtu mkubwa, ila watoto wa Kilwa walimdhulumu mama yake.

Nimefua shuka, nimekitandika kitanda upya na kuivuta shuka mpaka haina mkunjo. Mimi nalala chini, nimezoea.